Mbovu Vipi?

Ujumbe wa kwanza niliuandika nimesimama,
asubuhi, Tengeru, ukungu haujaiachia migomba:
"Dada Nuruana, mashine yako mbovu. Nisaidie!!!"
Alama tatu za mshangao,
kama mtu anayebisha hodi kwa teke.

Akajibu saa nne, kutoka dukani kwake Kilombero,
maneno mawili:
"Mbovu vipi?"

Haki ya Mungu, nilikasirika.
Mayai sitini na manne, fedha ya kikoba cha mke wangu,
vifaranga saba tu, mmoja wao hasimami,
na huyu ananiuliza vipi!
Nikaandika: "Haifanyi kazi."
"Taa inawaka?"
Inawaka.
"Feni inazunguka?"
Inazunguka.
"Basi kazi inafanya. Niambie ulichokiona.
Hasira yako nimeshaipata."

Hapo ndipo nilipokaa chini.
Nikachukua daftari la hesabu la Ndekirwa,
nikaanzia ukurasa wa nyuma, polepole, kama karani wa mnada:

Siku ya kwanza, Jumatatu. Joto thelathini na saba na nusu.
Siku ya tisa umeme ulikatika, saa moja usiku mpaka saa nne;
nikaifunika mashine blanketi.
Siku ya kumi na nne nikayamulika kwa tochi.
Kumi na mawili matupu, nikayatoa.
Hamsini na mawili yana mishipa
na kivuli kinachojigeuza usingizini.
Maji, nusu kikombe kila asubuhi.
Siku ya kumi na nane

kalamu ikagoma.

Kulikuwa na mstari ambao mkono haukuutaka.
Nilijua ulipo. Tangu alfajiri nilikuwa nauzunguka
kama ng'ombe anayekwepa josho.

Siku ya kumi na nane Ndekirwa aliweka sikio kwenye mbao:
"Baba, linaongea."
Nikafungua kifuniko, tukasikiliza.
Jioni akaja shangazi yake, nikafungua.
Mwinjilisti akapita kuuliza habari ya michango, nikafungua.
Usiku wa manane, wote wamelala,
nikafungua kwa ajili yangu mwenyewe:
kalio kadogo, ukucha juu ya sahani,
na mvuke ukinipita usoni, ukienda zake.
Mara kumi na moja kwa siku tatu.
Wala sikuwa nahesabu. Zinajihesabu zenyewe.

Waliosema mficha uchi hazai
hawakuwahi kuona mashine ya mayai.
Nikaandika: kumi na moja.
Nikatuma.

Simu ikanyamaza muda wa chai kuchemka na kumwagikia jikoni.
Kisha akapiga. Alicheka kidogo,
kicheko cha mtu aliyewahi.
"Ngozi ya ndani iliwakaukia. Walishatoboa,
wakakosa unyevu wa kujigeuzia.
Hao ni wako, kaka, si wa mashine.
Ila wale wasiotoboa kabisa sina hakika.
Lile blanketi, uliziba matundu ya pembeni?"

Niliziba. Nilidhani nawahurumia.

"Ona sasa. Hilo la blanketi nisingelijua kamwe.
Njoo Jumamosi na yasiyopasuka.
Usiyatupe, usiyaoshe, yaandike namba.
Tutayafungua mimi na wewe, moja moja."

Nikatoka nje na kalamu ya wino mzito,
mke wangu akinitazama toka mlangoni,
bado hajasema neno kuhusu kikoba.
Ndekirwa alikuwa amechuchumaa penye boksi la taa.

"Baba, huyu mbovu."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumkaripia.
Nikaufunga. Nikachuchumaa.
"Mbovu vipi?"

Akamtazama kifaranga muda mrefu.
"Mguu wa kushoto. Anaukunjia ndani.
Tangu jana jioni." Akameza mate.
"Nilimdondosha mimi."

Nikaenda kutafuta njiti ya kiberiti na uzi.